Sura ya Sita: Foleni ya Pili Baada ya Ibada

Mwaka 1929 jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha makala ya daktari mmoja Mwingereza, C. P. Donnison, aliyekuwa akihudumu katika hospitali ya Waafrika huko Kavirondo Kusini, upande wa Kisii na Nyanza ya leo. Kwa miaka miwili hospitali yake ilikuwa imelaza wagonjwa wapatao 1,800, na miongoni mwao hakuona hata mmoja mwenye shinikizo la juu la damu. Akachukua mashine yake akapima watu wengine 1,000 wasio na ugonjwa wowote. Ulaya alikotoka, presha ilipanda kadiri mtu alivyozeeka. Huku ilipanda kidogo ujanani, kisha baada ya miaka 40 ikaanza kushuka.

Mwaka 2015 serikali ya Kenya ilifanya uchunguzi wa kitaifa wa magonjwa yasiyoambukiza, wa kwanza wa aina yake nchini. Takriban mtu mzima mmoja kati ya wanne alikutwa na presha ya juu, na zaidi ya nusu ya waliohojiwa hawakuwa wamepimwa hata mara moja maishani. Kati ya Donnison na uchunguzi huo kuna miaka 86, muda ambao bibi mmoja anaweza kuuishi wote. Damu ya watu haibadiliki kwa kasi hiyo. Kilichobadilika ni mahali wanapoishi na namna wanavyoishi.

Jiji lilivyoipandisha

Ushahidi bora wa jambo hilo ulipatikana Nairobi. Katika miaka ya 1980 kundi la watafiti, akiwamo Mwingereza Neil Poulter na Mkenya M. Mugambi, lilifuatilia Wajaluo waliohama kutoka vijijini magharibi mwa Kenya kuja kutafuta kazi jijini. Matokeo yalichapishwa mwaka 1990. Wahamiaji waliwekwa kwenye mizani na wenzao waliobaki nyumbani, watu wa damu moja na lugha moja. Presha ya waliokuja mjini ilianza kupanda mapema, katika miezi ya mwanzo tu. Mkojo wao ulieleza sehemu ya sababu: chumvi ilikuwa imeongezeka, na madini ya potasiamu, yanayopatikana kwa wingi katika mboga, matunda na viazi, yalikuwa yamepungua. Uzito nao uliongezeka, na mapigo ya moyo yakaenda mbio zaidi.

Mtu yeyote aliyewahi kupanga chumba Kawangware anaweza kumalizia maelezo hayo bila maabara. Kijijini sukuma wiki na viazi vitamu hutoka shambani. Mjini huuzwa kwa fungu, na fungu hupungua kila bei inapopanda. Asubuhi ni chai na mkate. Mchana ni chapati madondo ya kibandani, ambayo mpishi ameitia chumvi na mchuzi mix ili mteja arudi kesho. Jioni, mhamiaji akiteremka kwenye matatu, anakutana na chipsi na mayai ya kuchemsha na kachumbari yenye chumvi ya ziada juu. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, na humo imehesabiwa ile iliyofichwa ndani ya mkate. Ongeza kodi ya nyumba, kazi ya kibarua isiyo na uhakika, na usingizi unaokatwa saa kumi alfajiri ili kuwahi mjini.

Mhamiaji, hata hivyo, hakubeba njaa na matumaini tu. Alibeba kanisa lake, au msikiti wake. Ndiyo maana Kangemi, Kawangware, Riruta na Kibera zina nyumba za ibada kila baada ya hatua chache: za mawe, za mabati, na zile za makanisa ya Roho ambayo waumini wake hutembea barabarani kwa kanzu nyeupe na ngoma. Jiji lililopandisha presha ndilo lililowakusanya watu mahali ambapo wanaweza kupatikana kila wiki.

Watu wanaojua kwamba haupo

Mipango ya kupima presha kanisani huelezwa kwa hoja rahisi: watu wako wengi hapo, na wanamwamini mchungaji. Hoja hiyo ni ya kweli lakini ni nyepesi. Watu ni wengi pia katika stendi ya mabasi na kwenye mikutano ya siasa. Kitu ambacho stendi haina ni mtu wa kuuliza, Jumapili inayofuata, mbona mama fulani hajaonekana.

Makanisa ya Nairobi yamejipanga kwa ajili ya swali hilo. Mwaka 1976 maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki na nchi jirani, walio katika umoja wa AMECEA, waliamua kwamba jumuiya ndogo ndogo ziwe kipaumbele cha kazi yao. Jumuiya ni nyumba chache za mtaa mmoja zinazokutana kila wiki sebuleni kwa mtu, zikiwa na mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Katika parokia kama St Joseph the Worker, Kangemi, inayoongozwa na Wajesuiti na ambayo Papa Francis aliitembelea tarehe 27 Novemba 2015, mtu akilazwa hospitalini jumuiya hujua kabla ya padri. Waanglikana wana Mothers' Union, Wapresbiteri wana Woman's Guild, na misikiti ina madrasa na vikundi vya akina mama. Vikundi hivyo vina daftari la mahudhurio, vina michango, na vina ujasiri wa kubisha hodi bila kualikwa.

Juu ya vikundi hivyo kuna mfumo mwingine ambao muumini wa kawaida hauoni. Ukitoka mjini kwa Waiyaki Way, baada ya Westlands, kuna barabara ya Musa Gitau, iliyopewa jina la mmoja wa wachungaji Waafrika wa kwanza wa Kanisa la Presbyterian. Hapo ndipo yalipo makao ya CHAK, muungano wa hospitali na zahanati za makanisa ya Kiprotestanti ulioanza mwaka 1946. Mwaka 1986 CHAK na maaskofu Wakatoliki walianzisha MEDS, ghala la pamoja la kununua na kusambaza dawa, ili hospitali ya misheni isiwe na sala nyingi na kabati tupu. Mbele zaidi, nje kidogo ya jiji, kuna Hospitali ya PCEA Kikuyu, iliyoanzishwa na wamisionari wa Kiskoti mwaka 1908. Kwa hiyo mpango wa presha ulipohitaji njia kutoka kiwandani hadi kwa mgonjwa, njia ilikuwapo tayari.

Oktoba 2014 kampuni ya dawa ya AstraZeneca, pamoja na Wizara ya Afya, ilizindua Kenya mpango wa Healthy Heart Africa, ambao baadaye ulienea nchi nyingine za Afrika. CHAK ikawa mmoja wa washirika wake. Mtindo wa mpango huo ulikuwa kufundisha wauguzi na wahudumu wa jamii, kupeleka mashine za kupimia, na kuwafuata watu walipo, makanisani pia, badala ya kungoja waje hospitalini wakiwa wamepooza upande mmoja. Mtu anaweza kuuliza kampuni inayouza dawa za presha inatafuta nini kwenye foleni ya wanaopimwa presha, na ni haki aulize. Ila mashine haijui nani ameilipia, na muuguzi aliyefundishwa hubaki na ujuzi wake hata mfadhili akiondoka.

Foleni ya kwanza

Siku ya afya kanisani ina sura yake. Hema hupigwa uani, meza mbili zinawekwa, na tangazo hutolewa kabla ya sadaka ya pili. Ibada ikiisha foleni inajipanga, akina mama mbele, vijana kwa mzaha, wanaume mwishoni kama watu waliokuwa wakipita tu.

Hapo ndipo kosa la kwanza hufanyika. Muumini ametoka kuimba na kucheza kwa saa mbili, amesimama juani, amekunywa kikombe cha chai, na sweta la Julai limekunjwa juu ya mkono na kuubana. Anaketi, anavishwa mkanda, anaongea na jirani. Mashine inasoma 158 juu ya 96. Anarudi nyumbani akiwa na hofu, au akiwa na kikaratasi asichokielewa. Kipimo cha haki kinataka mtu aketi kimya dakika tano, mgongo umeegemea, miguu chini, mkono mtupu umelazwa usawa wa moyo, kisha apimwe zaidi ya mara moja. Na hata akivuka 140 juu ya 90, mstari ambao mwongozo wa Kenya unautumia kutambua ugonjwa, kwa kawaida hurudi siku nyingine apimwe tena kabla ya kuambiwa ana presha, isipokuwa namba ziwe za kutisha kabisa.

Katikati ya jiji kuna toleo jingine la foleni hiyo. Saa saba mchana, makarani, mabawabu na wachuuzi huingia kwenye ibada za mapumziko ya mchana, katika makanisa makubwa na katika kumbi zilizokodishwa ghorofani. Ijumaa saa hizo hizo, viunga vya Msikiti wa Jamia hujaa hadi barabarani. Ni mahali pazuri pa kuwapata wanaume, ambao Jumapili ni wagumu kuonekana. Lakini anayepimwa mjini mchana hulala Uthiru au Kawangware usiku. Kliniki iliyo karibu na ofisi yake hufungwa kabla hajatoka kazini, na iliyo karibu na nyumba yake haijui kwamba alipimwa. Wengi wa waliopatikana mjini hupotea ndani ya matatu ya jioni.

Kuna kipimo cha ukubwa wa upotevu huo. Wachambuzi wa takwimu za ule uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 waliwafuata wenye presha hatua kwa hatua. Kati ya kila watu 1,000 wenye presha, wapatao 156 walijua wanayo. Kati ya hao 156, takriban 42 walikuwa wakitumia dawa. Kati ya hao 42, presha ilikuwa imeshuka inavyotakiwa kwa wapatao 22. Hema la uani linaweza kuziba tundu la kwanza, na ni tundu kubwa. Lakini ona la pili: kati ya wanaojua, karibu robo tatu hawako kwenye dawa. Hao hawahitaji kupimwa tena. Wanahitaji kitu ambacho hema halina, kwa kuwa hema hukunjwa saa tisa.

Foleni ya pili

Foleni ya pili haipigwi picha. Ni watu wale wale, wachache zaidi, wakirudi mwezi wa pili, wa tatu, wa tisa, kupimwa na kuchukua vidonge vya ugonjwa wasiousikia. Presha haiumi. Mgonjwa wa malaria hunywa dawa kwa sababu anatetemeka. Mgonjwa wa presha huambiwa ameze kidonge kila siku, labda maisha yote, ilhali anajisikia mzima. Tena mara nyingine dawa ndiyo inayomletea shida. Amlodipine humvimbisha mtu miguu, na mama anayesimama sokoni kutwa huacha bila kumwambia mtu. Dawa za kupunguza maji mwilini humpeleka msalani kila mara, na dereva wa bodaboda au kondakta hawezi. Enalapril huwapa baadhi ya watu kikohozi kikavu, nao wakadhani ni vumbi la Nairobi. Kila moja ya hizi ina mbadala. Lakini mbadala hutolewa kwa aliyerudi na kusema.

Ni hapa jumuiya inapoweza kuzidi kliniki, na upo ushahidi kiasi. Huko New York makanisa 32 ya Wamarekani weusi yalishiriki jaribio lililochapishwa mwaka 2018, lenye washiriki 373. Nusu ya makanisa yalipata elimu ya afya ya kawaida. Nusu nyingine yalipewa masomo ya kila wiki ya chakula na mazoezi, kisha mazungumzo ya ana kwa ana kila mwezi, yakiongozwa na waumini waliofundishwa, si madaktari. Baada ya miezi sita namba ya juu ya presha katika kundi hili la pili ilikuwa imeshuka karibu pointi 6 zaidi ya wenzao. Baada ya miezi tisa tofauti ilikuwa bado ipo, ila imepungua kidogo na haikuwa na uhakika wa kitakwimu tena. Matokeo hayo yanasema mambo mawili kwa mkupuo: waumini wa kawaida wanaweza kuishusha presha, na masomo yakikoma mafanikio huanza kulegea.

Magharibi mwa Kenya, mpango wa afya wa AMPATH ulijaribu kitu kinachofanana na chama. Wagonjwa waliwekwa kwenye vikundi vya kuweka akiba na kukopeshana, na daktari au muuguzi akawajia kikundini. Katika matokeo ya mwaka 2021, waliopata huduma ya kawaida walishuka takriban pointi 11 kwa mwaka, na waliopata akiba na kliniki pamoja wakashuka takriban 16. Pengo hilo halikutosha kuwaridhisha wataalamu wa takwimu. Lakini yeyote anayejua namna chama kinavyomfuata mwanachama asiyelipa anaelewa walichokuwa wakitafuta: fedha humrudisha mtu kikundini, na akirudi hupimwa.

Sasa serikali nayo imeingia uwanjani. Septemba 2023 ilizindua wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000, kila mmoja akiwa na mkoba wenye mashine ya presha na ya kupima sukari. Baadhi yao ni akina mama wa Guild na wenyeviti wa jumuiya hao hao, kwa kuwa mtaani watu wa kujitolea huwa ni walewale. Kanisa lenye busara halinunui mashine ya pili. Linamuuliza mhamasishaji wake ni nyumba zipi zinamfungia mlango, na kumpeleka katibu wa jumuiya aende naye.

Maombi na vidonge

Kuna mazungumzo ambayo kila muuguzi wa mtaani ameyasikia kwa namna moja au nyingine.

“Mama, dawa ulikunywa leo?”

“Niliombewa Ijumaa, sista. Nimepona.”

Sista anajua akibishana na maombi atashindwa, na pengine yeye mwenyewe aliombewa Ijumaa ile ile. Baadhi ya makanisa ya Kiafrika yalikataa dawa za hospitali kwa miongo mingi, na baadhi ya mahubiri ya redioni leo huufanya ugonjwa uonekane kuwa upungufu wa imani. Katika hali hiyo, mtu anayemeza kidonge mbele ya wenzake anakiri hadharani kwamba bado hajaponywa. Basi anakificha, kisha anakisahau.

Dawa ya tatizo hili haitoki kwa daktari. Mchungaji anayesema mimbarani, “Mimi nina presha, na vidonge vyangu viko mfukoni,” amefanya kazi ambayo mabango ya wizara hayaiwezi. Anaweza kuongeza kwamba aliyeombewa naye apimwe: kama presha imeshuka, mashine itatoa ushuhuda, kama haijashuka, aendelee na vyote viwili. Hakuna mafundisho yaliyovunjwa hapo.

Waislamu wana mtihani wao, mwezi wa Ramadhani. Kurani inamruhusu mgonjwa asifunge na alipe siku nyingine, lakini wazee wengi wenye presha hawataki kukosa. Imamu anayeelewa dawa huwaambia wamwone daktari kabla ya mwezi kuandama, kwani dawa nyingi za presha humezwa mara moja kwa siku na zinaweza kuhamishiwa futari au daku. Dawa za kupunguza maji zinahitaji uangalifu zaidi kwa mtu anayekaa kutwa bila kunywa. Na mezani, sambusa na bhajia zenye chumvi zinaweza kuharibu usiku kile kilichojengwa mchana. Waadventista wa Sabato nao wana urithi wa kufundisha chakula kama sehemu ya dini, na makambi yao ya kila mwaka huwa na kipindi cha afya ambacho madhehebu mengine yangeweza kuiga bila aibu.

Zipo hatari za upande wa pili. Kanisa ni mahali pa habari kusambaa. Namba za mtu zikitajwa mbele ya foleni, kufikia jioni mtaa mzima unajua fulani yuko karibu kupata kiharusi, na mwaka ujao hatakuja. Na jamii yenye kanisa la mabati haina ukumbi, haina daktari muumini, haina mfadhili. Mipango mizuri huelekea kutua kwenye makanisa yenye maegesho ya magari, kwa watu walio na bima na daktari wao tayari. Umbali kutoka Lavington hadi Kawangware ni wa kutembea kwa miguu, lakini hema la afya hupigwa Lavington mara nyingi zaidi.

Tena jumuiya haiwezi kujaza kabati la dawa. Tangu Oktoba 2024 bima ya taifa imo mikononi mwa Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, na hospitali za kidini zimelalamika hadharani kwamba malipo yao yanachelewa. Mgonjwa aliyehimizwa na jumuiya nzima arudi kliniki, akakuta dawa imekwisha na akaelekezwa kemisti, atarudi mara moja, labda mbili. Imani ya waumini ni mtaji, na mtaji huliwa.

La kuuliza

Neil Poulter, yule aliyewafuatilia Wajaluo wa Nairobi, alikuja kuwa rais wa Jumuiya ya Kimataifa ya Shinikizo la Damu. Mwaka 2017 aliongoza kampeni ya kupima watu duniani kote kila mwezi wa Mei, inayoendelea mpaka leo. Ni kazi kubwa ya foleni ya kwanza, na Kenya ni miongoni mwa nchi zilizoshiriki. Kwa hiyo Mei ijayo, ripoti ya kamati ya afya itakaposomwa kanisani kwako na makofi yakapigwa kwa sababu waumini mia tatu wamepimwa, inua mkono uulize. Wangapi walikuwa juu? Wangapi kati yao walipimwa tena siku nyingine wakiwa wametulia? Wako kliniki gani, na nani katika jumuiya zao anajua, kwa ridhaa yao? Miezi mitatu baadaye, wangapi walikuwa bado wanatumia dawa, na walioacha waliacha kwa sababu gani?

Kama kamati haina majibu, msiivunje. Ipeni kazi ndogo zaidi: mwakani wapimwe watu 50 tu, na kila mmoja aandikwe jina la mtu atakayembishia hodi.